Fahamu: Chipsi za moto ndani ya plastiki

Rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, zilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya chakula viliachwa. Ndiyo maana Kariakoo chipsi hutoka kwenye karai na kuingia moja kwa moja kwenye kifuko chepesi, kachumbari juu. Joto na mafuta huharakisha kemikali kuhama kutoka kwenye plastiki. Baadhi, kama thalati, huvuruga homoni. Na kufungia chipsi kwenye gazeti? Wino wake haukutengenezwa uliwe.

Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka huohuo wa 2019, ila kifuko cha muuza chipsi mara nyingi hakina lebo yoyote. Umoja wa Ulaya umeshapiga marufuku kemikali ya bisfenoli A kwenye vifungashio vya chakula. Ukiwa Kariakoo, omba sahani ule palepale.