Boba: Chai ya Kutafuna na Rekodi Zake

Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Mixue ya China ilikuwa na maduka zaidi ya 46,000. McDonald's, ambayo kwa miaka mingi tumezoea kuitaja kila linapozungumzwa suala la wingi wa maduka ya chakula duniani, ilikuwa na kama 43,000. Waliompiku muuza baga ni wauza aiskrimu, maji ya limau na chai baridi ya maziwa yenye punje za muhogo chini ya kikombe.

Mixue ilianza mwaka 1997 katika mji wa Zhengzhou, mkoani Henan. Kijana aitwaye Zhang Hongchao alifungua kibanda cha kuuza barafu iliyokwanguliwa, kwa mtaji aliokopeshwa na bibi yake. Bei zake zimebaki za chini kabisa. Maji yake ya limau huuzwa yuan 4 hivi, fedha ambayo mwanafunzi haoni uchungu kuitoa. Karibu maduka yote si mali ya kampuni. Mtu mwenye mtaji mdogo hufungua duka chini ya jina la Mixue, na kampuni hupata faida kwa kumuuzia vikombe, sukari, majani ya chai na mashine. Tarehe 3 Machi 2025 hisa zake zilipoingia sokoni Hong Kong, maombi ya wawekezaji wadogo yalizidi hisa walizotengewa kwa zaidi ya mara 5,000, na siku ya kwanza bei ilipanda kwa asilimia 43. Wenzake hawakuwa na bahati hiyo. Nayuki, ya kwanza katika biashara hii kuuza hisa Hong Kong, Juni 2021, ilianguka kwa zaidi ya asilimia 13 siku hiyohiyo. Chabaidao, Aprili 2024, ilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake.

Nimetanguliza hesabu za fedha makusudi, maana wengi kwetu wanaiona boba kama kitu cha vijana kupigia picha. Kwa ambaye hajaionja: ni chai nzito ya rangi au ya kijani, maziwa, sukari na barafu, na chini kabisa zimetulia lulu nyeusi za wanga wa muhogo. Unavuta kwa mrija mnene, unakunywa na kutafuna kwa pamoja. Hapo kwenye kutafuna ndipo penye utamu wote, na kila rekodi nitakayoitaja inarudi kwenye hiyo punje.

Wa kwanza ni nani?

Nchi haina ubishi, ni Taiwan. Wakati nao hauna ubishi, ni miaka ya 1980. Ubishi uko kwenye mlango wa duka. Mjini Taichung kuna nyumba ya chai ya Chun Shui Tang. Mwenyewe, Liu Han-Chieh, alikuwa tayari anauza chai ya baridi iliyotikiswa kwa barafu hadi ikatoa povu, jambo lililowashangaza wazee waliozoea chai ya moto. Mfanyakazi wake, Lin Hsiu Hui, akiwa kikaoni kazini, akamimina ndani ya chai yake ya Assam zile punje za muhogo ambazo Wataiwan walikuwa wakizila kama kitamutamu. Waliokuwapo wakaonja, wakapenda, ikaingia kwenye orodha ya vinywaji.

Mjini Tainan, nyumba ya chai ya Hanlin inasema hapana. Kwa maelezo yao, mwaka 1986 Tu Tsong-he aliona punje nyeupe za muhogo sokoni, akazitia kwenye chai, na kwa weupe wake zikaitwa lulu. Kesi kati ya nyumba hizi mbili ilichukua kama miaka kumi, ikaisha mwaka 2019. Mahakama ilikataa kumtaja mvumbuzi: kinywaji hakikuwa na hataza, kila mtu yuko huru kukitengeneza, basi hakuna haja ya kuamua nani alianza. Naiona hukumu hiyo kuwa ya busara sana. Kama mmojawapo angekuwa na hataza na kuilinda kwa nguvu, Mixue isingekuwa na maduka 46,000, na huenda boba ingebaki kinywaji cha mji mmoja.

Umri mfupi kuliko wote

Sijui kitu kingine kinachouzwa kwa wingi namna hii huku kikiharibika upesi kama lulu iliyopikwa. Duka linalojiheshimu huitupa baada ya saa nne hivi.

Sababu iko kwenye wanga wenyewe. Ukiukanda wanga wa muhogo kwa maji baridi haushikani. Unapata ujiujiu unaogeuka mgumu ukiupiga na kutiririka ukiuachia. Ndiyo maana mpishi huchemsha maji na sukari ya kahawia, yakiwa bado yanatokota huyamimina juu ya wanga na kuanza kukanda papo hapo. Sehemu ya wanga huiva kwa lile joto na kuwa gundi inayoshika sehemu iliyobaki. Donge linavingirishwa kuwa kamba, linakatwa vipande, kila kipande kinaviringwa viganjani, kisha punje zinanyunyiziwa wanga mkavu zisigandane. Zikitiwa kwenye maji yanayochemka huzama, baada ya muda huelea. Hapo bado. Huachwa zichemke, moto ukazimwa, sufuria ikafunikwa ili joto lifike katikati bila kulegeza ngozi ya nje. Mwisho huchovywa kwenye shira nzito ya sukari. Kwa lulu kubwa, kazi ya jikoni peke yake inaweza kula saa nzima.

Ikiiva sawasawa, lulu hulegea kwa nje, na meno yakifika katikati inayasukuma kidogo kabla ya kukubali. Lakini saa inaanza kuhesabu palepale. Wanga ulioiva, ukipoa, huanza kujipanga upya na kukamua maji. Ni jambo lilelile linaloufanya muhogo wa kuchemsha uliolala uwe mgumu asubuhi. Friji huharakisha mambo. Kwa hiyo vijana wanaofanya kazi kwenye maduka haya hupika sufuria baada ya sufuria kuanzia asubuhi hadi kufunga, na kazi hiyo haionekani na anayesubiri kikombe chake kaunta.

Mrija mnene kuliko yote

Mrija wa soda una upana wa kama milimita 6. Wa boba hufika 12, na ncha yake hukatwa mshazari, kwa sababu kikombe hakina kifuniko cha kawaida. Mashine hukiziba mdomo kwa karatasi laini ya plastiki kwa kuibana na joto, nacho kinaweza kupinduliwa bila tone kumwagika. Mteja hukitikisa, huushika mrija kwa ngumi na kutoboa kwa pigo moja. Ukisitasita, chai inaruka hadi shatini.

Uzuri huo una gharama yake. Taiwan ilianza Julai 2019 kupiga marufuku mirija ya plastiki kwa wanaokula na kunywa humohumo kwenye migahawa ya vyakula vya haraka, shule na ofisi za serikali, na Desemba 2022 jiji la Taipei likaviondoa vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja kwenye maduka ya vinywaji. Ni vizuri kwamba nchi iliyoipa dunia kinywaji hiki inahangaikia pia taka zake.

Wanywaji wakubwa

Kampuni ya Grab, inayosafirisha abiria na vyakula Kusini-Mashariki mwa Asia, iliona oda za boba zikiongezeka kwa asilimia 3,000 ndani ya mwaka 2018. Katika hesabu zake za wateja, Wathai waliongoza kwa wastani wa vikombe 6 kwa mwezi, Wafilipino wakafuata kwa 5. Ukihesabu fedha badala ya vikombe, Indonesia ndiyo kinara: ripoti ya mwaka 2022 ya Momentum Works iliweka matumizi ya eneo zima kuwa dola bilioni 3.66 kwa mwaka, na dola bilioni 1.6 kati ya hizo zilitoka Indonesia.

Usiku wa heka heka kuliko wote naupa Singapore, tarehe 21 Aprili 2020. Korona ilikuwa imepamba moto, na jioni ile serikali ikatangaza kwamba maduka yanayouza vinywaji pekee yafungwe kabla ya saa sita usiku. Watu walitoka majumbani na barakoa zao wakapanga foleni ndefu, wamesimama mbalimbali kwa amri ya afya, wakisubiri kikombe cha mwisho. Waendesha pikipiki wa kupeleka oda walijazana nao mlangoni. Ukitaka kujua kinywaji kimeingia kiasi gani katika maisha ya watu, angalia wanachokikimbilia wanapoambiwa kesho hakipo.

Mwezi huohuo boba iliingia kwenye siasa. Vijana wa Thailand walipogombana mtandaoni na wazalendo wa China, vijana wa Hong Kong na Taiwan waliwaunga mkono, na kwa kuwa kote huko chai hunywewa na maziwa, wakajiita Muungano wa Chai ya Maziwa. Baadaye vijana wa Myanmar waliopinga mapinduzi ya kijeshi ya 2021 nao wakajiunga. Mwaka 2020 kikombe cha boba kilipata pia emoji yake rasmi, kikiwa na mrija wake na lulu zake chini.

Muhogo wa nani?

Hapa ndipo penye jambo linalonigusa zaidi. Muhogo asili yake ni Amerika Kusini. Wareno waliuleta Afrika, nasi tukaufanya wetu kwa bada, makopa, muhogo wa nazi, na ule wa kuchoma wenye pilipili na ndimu. Mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani ni Nigeria, kama tani milioni 60 kwa mwaka, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwa nyuma yake. Sehemu kubwa sana ya tani hizo huliwa nyumbani, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa zinashibisha mamilioni ya watu.

Bingwa wa kuuza nje, hata hivyo, ni Thailand, ambayo huvuna pungufu ya Nigeria. Thailand ina viwanda vinavyopokea mizizi ikiwa mibichi, kwa kuwa muhogo uliong'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili tatu. Hukwangua, huosha, huacha wanga utuame, huukausha na kuufunga magunia. Mama yeyote wa pwani aliyewahi kukuna muhogo na kuulowesha amewahi kuuona wanga huohuo mweupe chini ya beseni. Ujuzi tunao, zao tunalo, na hauhitajiki hapa mtambo wa ajabu. Kinachokosekana ni kiwanda karibu na shamba na barabara ya kufikia kabla mzizi haujaoza. Natamani sana kuona wanga wa Mtwara au wa Kilifi ukishindana na wa Thailand.

Aprili 2021 Wamarekani walionja jinsi biashara ya boba inavyotegemea meli. Bandari za California zilisongamana, makontena ya lulu yakakwama baharini, na maduka yakaanza kuwatangazia wateja kwamba lulu zinakaribia kuisha.

Tamu kupita kiasi

Rekodi hii haina fahari. Mwaka 2019 hospitali ya Mount Alvernia ya Singapore ililinganisha vinywaji vya boba vya mililita 500, na kile cha maziwa na shira ya sukari ya kahawia kikaongoza kwa vijiko vya chai 18 na nusu vya sukari. Mtu mzima anashauriwa asizidishe kati ya 8 na 11 kwa siku nzima.

Maduka mengi hukuuliza sukari kwa asilimia: 100, 70, 50, 30 au sifuri, na barafu vivyo hivyo. Anayeanza namshauri aombe 30. Shira iliyoloweka lulu inatosha kuongeza utamu, na chai yenyewe itasikika. Aulize pia lulu zimepikwa saa ngapi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Kwa watoto, taasisi ya serikali ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula ilionya mwaka 2012 kwamba lulu inaweza kumpalia mtoto, hasa aliye chini ya miaka minne. Mwenye mtoto wa umri huo amwagizie chai isiyo na lulu.