Risasi, Tindikali na Joto la Lodwar

Aliyewahi kupita jioni katika vichochoro vya kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Sudan, hakosi kuliona duka lenye taa moja, simu za wateja zikichajiwa juu ya meza, na chini yake betri ya gari iliyofungwa waya mbili zipandazo hadi kwenye sola juu ya bati. Ukimuuliza mwenye duka kilichomo ndani, aghalabu atajibu kuwa ni umeme wa mchana uliowekwa akiba hadi usiku, mithili ya maji mtungini. Jawabu hilo laingia akilini, walakini si sahihi, na kosa lake huwagharimu watu fedha walizozipata kwa taabu.

Ndani ya betri hamna umeme uliolala. Mna vitu viwili vyenye tabia mbalimbali vilivyozamishwa katika tindikali: mabamba ya risasi tupu, iliyo karimu wa elektroni, na mabamba ya oksidi ya risasi, yenye shauku ya kuzipokea. Lau vingegusana, elektroni zingehama papo hapo na faida yote ikaishia kuwa joto. Bali vimetengwa, na tindikali iliyo kati yao hupitisha ioni pasipo kupitisha elektroni, hata zisiwe na njia ila kutoka kwa waya, kupita katika taa, ndipo ziwasili upande wa pili. Kutoa elektroni ndiko wanakemia wakuitako oksidesheni, na kuzipokea ridaksheni. Wala hapana mtoaji pasipo mpokeaji. Alessandro Volta aliidhihirisha siri hii mwaka 1800 kwa visahani vya madini na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Betri ya risasi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kila chumba chake hutoa takriban volti 2, na vyumba sita vikifuatana hutimia 12.

Sasa tazama mtungi na betri vinavyoachana. Kadiri taa inavyowaka, mabamba ya pande zote mbili hugeuka salfati ya risasi, na tindikali hupungua ikabaki kuwa majimaji. Ndiyo maana fundi huifyonza kwa kipimo cha kioo akatazama kiboya kilivyozama. Jua la asubuhi huzisukuma elektroni zirudi zilikotoka, na salfati ikayeyuka. Lakini salfati iliyoachwa siku nyingi hukua ikawa fuwele ngumu, isiyokubali tena kurejea. Mtungi mtupu haudhuriki kwa utupu wake, betri hudhurika. Mwenye duka aitumiaye mpaka taa ififie, kisha akaiacha hivyo juma zima, ameiua kwa mkono wake, ilhali angeizima ikingali na nusu ya nguvu ingemtumikia miaka kadhaa.

Joto nalo ni hasimu mkubwa. Mji wa Lodwar, ulio Turkana kama ilivyo Kakuma, mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na kwa hesabu ya mafundi, kila nyuzi 10 zizidizo 25 hukata umri wa betri karibu nusu, kwa kuwa joto huharakisha pia kutu inayokula mabamba. Chaji ikizidi, maji hupasuliwa yakawa haidrojeni na oksijeni, gesi ziwezazo kulipuka kwa cheche moja. Basi betri ikae kivulini penye hewa, na ijazwe maji yaliyotoneshwa, kamwe si ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya Turkana vina chumvi.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, maana kwa miaka mingi umeme wa bwawa la Turkwel, megawati 106, ulisafirishwa kusini hadi Lessos huku Lodwar ikitegemea jenereta za dizeli. Mwenye betri hapa hana anasa, ana haja.

Na betri ikifa, risasi yake haijapotea. Imebadilika umbo tu, sumu ingali ile ile. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokuwa majirani wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walikwenda mahakamani kwa ajili ya risasi iliyowaingia mwilini wao na watoto wao, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.