Morogoro Ilitekwa, Vita Havikwisha

Leo twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi huliona dogo, nalo limeshinda majemadari wakubwa: hesabu ya chakula na njia katika safari ya jeshi. Mfano wetu twautoa katika nchi yetu wenyewe, yaani vita vya Waingereza na Wajerumani vya mwaka 1914 hata 1918, na hasa siku majeshi yalipofika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Wakati ule Uingereza ilikuwa dola yenye manowari nyingi kuliko zote duniani, na askari wake waliweza kuletwa kutoka Uhindi, Afrika ya Kusini na Afrika ya Magharibi. Wajerumani wa huku walianza vita wakiwa na askari Waafrika wapata 2,500 na Wazungu mia mbili na kitu. Aliyetazama idadi hizo tu angalisema kwamba kazi itakwisha kwa miezi michache. Ilichukua miaka minne. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni kwamba matayarisho hayakufanywa wakati wa amani. Mwaka 1911, ili kupunguza gharama, serikali ilivunja batalioni ya pili ya King's African Rifles, jeshi ambalo watu waliliita Keya. Baadhi ya askari walioachishwa, wenye ujuzi wa bunduki lakini hawana kazi, walivuka mpaka wakaandikwa na Wajerumani. Hivyo fedha iliyookolewa ilimpa adui askari waliokwisha fundishwa.

Sababu ya pili ilionekana Tanga, mwezi wa Novemba 1914. Jemadari Aitken alikuja kutoka Uhindi na watu wapata 8,000. Wengi walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya bahari, wala hawakupata nafasi ya kujifunza vita vya porini. Kabla ya kushuka, nahodha wa manowari aliwaarifu wenyeji wa mji kwamba mapatano ya kutopigana yamekwisha. Habari ile ikampa jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, nafasi ya kuleta askari wake kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi. Watu wake wapata 1,000 waliwashinda wale 8,000, na Waingereza wakarudi melini, wakiacha nyuma bunduki, bombom na risasi nyingi mno.

Sasa tuje Morogoro. Mwezi wa Februari 1916 Jemadari Smuts wa Afrika ya Kusini alishika uongozi. Alikuwa mwepesi na hodari wa kuzunguka. Mwezi wa Machi aliingia Moshi, na tarehe 26 Agosti majeshi yake yakaingia Morogoro. Alitumaini kwamba Wajerumani watasimama pale, wakiwa na reli mbele yao na milima nyuma yao, naye atawafunga katikati. Kwa mbali Uluguru huonekana kama ukuta, na vilele vyake hupita futi 8,000. Lakini Mluguru ye yote angaliweza kumwambia kwamba ukuta ule una njia: watu hupanda na kushuka humo kila siku na mizigo vichwani. Wajerumani walipita, wakaelekea kusini hata Kisaki, ambako walikuwa wameweka akiba ya chakula.

Mwanzo wa Septemba vikosi viwili vya Afrika ya Kusini viliwafuata Kisaki. Havikuweza kupelekeana habari, hivyo kimoja kilipigana leo na cha pili kesho, na vyote viwili vikarudishwa nyuma. Kumbe adui mkubwa zaidi alikuwa nyuma yao. Farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Askari waliugua malaria na kuhara damu, wakawa wanakula nusu ya posho. Motokaa zilikwama katika matope. Kabla mwaka ule haujaisha, maelfu ya askari wa Afrika ya Kusini walirudishwa kwao wagonjwa.

Mnyama akifa na motokaa ikikwama, hubaki kichwa cha mtu. Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mpagazi huchukua ratili 60 za unga, naye hula ratili 2 kila siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, atakula ratili 40, na askari atapata 20 tu. Njia ikiwa ya siku kumi na tano, mpagazi atakula mzigo wote, na askari hatapata kitu. Basi kila hatua ya mbele ilidai wapagazi wengine, na wapagazi wale walidai wengine wa kuwalisha.

Smuts aliondoka Januari 1917, na huko London akasema kwamba vita vya huku vimekaribia kwisha. Mvua ya mwaka ule ikafurika bonde la Rufiji, na askari kutoka Nigeria wakashinda na njaa huko. Von Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, mjini Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia, siku kumi na nne baada ya vita vya Ulaya kusimama.

Ni nani aliyelipa deni la hesabu mbaya? Hesabu za serikali ya Uingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa maradhi, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Majeshi yote mawili yalichukua watu, nafaka na ng'ombe vijijini, na katika Ugogo ikafuata njaa kubwa iitwayo Mtunya.

Kwa hiyo, tusikiapo kwamba taifa fulani lina askari wengi na silaha mpya, tusiishie hapo. Tuulize: wamejifunza nchi watakayopigania? Watakula nini mwezi wa tatu? Dawa itafikaje wakati wa masika? Na nani atabeba mzigo njia ikiharibika? Wapagazi wale waliandikwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kila aendaye soko lile la Dar es Salaam hulitaja jina lao, ijapokuwa wengi hawajui.