Chumvi kwenye chai

Mwaka ule nilipokuwa nikimuuguza mama, nilitia chumvi kwenye chai mara mbili ndani ya wiki moja. Dada akacheka, mimi nikaogopa.

Kumbe ni kortisoli, homoni ya msongo itokayo kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Kwa muda mfupi inafaa: hukuamsha, hukukimbiza. Ikizidi wiki baada ya wiki huilemea hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu. Mwaka 1968 mwanasayansi Bruce McEwen alionyesha kwamba hipokampasi ya panya huinasa sana homoni ya msongo. Baadaye maabara yake ikaona matawi ya seli yakisinyaa, kisha yakichipua tena msongo ulipoondoka. Hapo ndipo nilipopumua.

Ipo pia BDNF, protini inayozirutubisha seli za ubongo, iliyopatikana kwanza kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982. Mazoezi huichochea. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wazee waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki waliongeza hipokampasi asilimia 2 hivi kwa mwaka.

Siku hizi sokoni naenda kwa miguu. Bodaboda wananinunia.