Kata, Birika na Shaka: Maji ya Udhu na Usahihi wa Sala

Katika sharia ya Kiislamu sala haisihi bila ya twahara, na twahara huhesabiwa kuwa sharti wala si nguzo, kwa maana kwamba inatakiwa iwepo kabla ya takbira ya kuhirimia na idumu mpaka salamu, ilhali nguzo, kama rukuu na sijida, ni sehemu ya sala yenyewe. Mafakihi huigawa twahara hiyo mafungu mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kuondoa hadathi, yaani hali ya kisheria isiyoonekana kwa macho, inayompata mtu kwa mambo kama haja ndogo, haja kubwa au kutokwa na upepo, ambayo huondoka kwa udhu; na ikiwa ni hadathi kubwa, kama janaba, hedhi au nifasi, huondoka kwa kukoga mwili mzima. La pili ni kuondoa najisi, yaani uchafu wenyewe, kama mkojo au damu, katika mwili, nguo na mahali pa kusalia. Mwenye udhu aliyekanyaga kinyesi cha kuku uani, kwa kauli ya Mashafi, huosha mguu wake tu, kwa kuwa najisi ya nje haitangui udhu. Na aliyetokwa na upepo hutawadha upya ingawa hakuna kilichomchafua.

Asili ya udhu ni aya ya 6 ya Sura ya Al-Maida, inayotaja viungo vinne: uso, mikono hadi viwiko, kichwa kinachopakwa maji, na miguu hadi vifundo. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 Hijria (820), ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, aliongeza juu ya vinne hivyo nia na mpangilio, ndipo faradhi zikawa sita, na ndivyo wanavyozihesabu wanafunzi wa chuoni wanaosoma Safina, kitabu kidogo cha mwanazuoni wa Hadhramaut, Salim bin Sumayr, aliyefia Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo.

Jambo linalosahaulika kwa urahisi ni kwamba mazungumzo ya udhu yalianza na maji yenyewe kabla ya viungo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliwaona wenyeji wakifuata madhehebu ya Shafi, akaeleza kwamba kwenye milango ya misikiti yao ya mbao palikuwa na kisima kimoja au viwili vyenye kina cha dhiraa moja au mbili, ambavyo maji yake yalichotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba. Watu walikuwa wakitembea miguu mitupu, kwa hiyo aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu, akaipangusa kwenye kipande cha mkeka mnene mlangoni. Na aliyetaka kutawadha alikibana chombo katikati ya mapaja, akajimiminia maji mikononi. Msafiri huyo hakutaja sababu ya desturi hiyo, lakini msomaji wa fikihi ya Kishafi anaitambua faida yake mara moja.

Faida yenyewe imo katika hukumu ya maji yaliyotumika. Kwa Mashafi, maji machache yaliyokwisha kuondolea hadathi hubaki twahiri, yaani hayanajisi nguo wala mwili, lakini hayawezi tena kumtwahirisha mtu mwingine. Basi mtu anayetawadha kwenye ndoo, akiisha kuosha uso kisha akatumbukiza mkono ndani bila ya kunuia kwamba anachota tu, huwa ameyaharibu maji yote ya ndoo hiyo kwa ajili ya udhu. Anayemimina kwa kata hana shida hiyo, maana maji yanayomtoka hayarudi kisimani.

Kipimo kinachotenga maji machache na mengi huitwa kullatayni, yaani mitungi miwili mikubwa, ambayo mafakihi waliikadiria kuwa ratili 500 za Baghdad, au shimo la mraba lenye urefu, upana na kina cha dhiraa moja na robo. Dhiraa ikihesabiwa kuwa sentimita 48, shimo hilo lina sentimita 60 kila upande na huchukua lita 216, ingawa wako waliokadiria zaidi au pungufu kidogo kwa kuwa dhiraa hazilingani. Maji yasiyofika hapo hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika, ilhali yaliyofika au kuzidi hayanajisiki mpaka ibadilike rangi, ladha au harufu yake. Ndiyo maana birika la msikiti wa kale, ambalo mamia ya watu waliweza kuchota humo kwa siku, lilihitaji kuwa kubwa; ukubwa wake ulikuwa hukumu ya fikihi iliyojengwa kwa mawe na chokaa. Imamu Malik hakukiangalia kipimo hicho, akashika kubadilika kwa maji tu, na Mahanafi wa zama za baadaye wakakadiria maji mengi kwa birika la dhiraa kumi kwa kumi. Bomba la leo limeyaondoa maswali hayo karibu yote, kwa kuwa maji hutoka juu na kwenda chini bila ya kurudi, ila limeleta ubadhirifu ambao kata haikuuwezesha. Hadithi sahihi zinasema kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo kwa makadirio mengi haizidi robo tatu ya lita, na kukoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Bomba lililofunguliwa lote humaliza kiasi cha udhu huo kabla mtu hajamaliza kusukutua.

Suala zito zaidi ni la mtu anayegundua kasoro baada ya kutoa salamu. Aliyesali bila ya udhu kwa kusahau hana budi kurudia, na hapo wanazuoni hawakuhitilafiana. Aliyesali na najisi kwenye nguo asiijue, madhehebu ya Shafi katika kauli yake mpya humtaka arudie, lakini wanazuoni wengi, akiwamo Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277) katika uchaguzi wake mwenyewe, waliona kwamba hapaswi. Hoja yao ni hadithi ya Abu Said al-Khudri, inayosimulia kwamba Mtume alivua viatu katikati ya sala baada ya Jibrili kumjulisha kuwa vina uchafu, naye akaendelea bila ya kuanza upya. Hoja hiyo ina nguvu, kwani kama sehemu ya sala iliyotangulia ingekuwa batili, angeirudia. Kwa wagonjwa milango ni mingi zaidi: asiyeweza kutumia maji hutayamamu kwa udongo, na asiyeweza kuzuia mkojo hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati kuingia, akasali ingawa matone yanaendelea.

Hata hivyo wapo watu wazima wenye afya wanaoosha mkono mmoja mara saba au nane, wakairudia takbira mpaka imamu anakwenda rukuu. Hao wanaitwa wenye wasiwasi, na fikihi haikuwasifu kwa uchaji. Abu Muhammad al-Juwayni, fakihi wa Kishafi aliyefariki mwaka 438 Hijria (1047), aliwaandikia kitabu maalumu, na Ibn Qudama wa madhehebu ya Hambali akaandika kingine cha kuwalaumu. Msingi wao wote ni hadithi ya mtu aliyelalamika kwa Mtume kwamba akiwa katika sala hudhani ametokwa na kitu, akaambiwa asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Kutokana nayo wanazuoni walitoa kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na ingawa Imamu Malik katika kauli yake mashuhuri alimtaka mwenye shaka kabla ya sala atawadhe tena, Mashafi na Mahanafi waliishika kanuni hiyo nje ya sala na ndani yake. Kwa hiyo aliyetawadha adhuhuri kwa yakini, akafika alasiri asijue kama udhu wake umetanguka au la, anao udhu. Na akisimama kusali nao, sala yake ni sahihi na hatakiwi kuirudia.