Anga Lina Mwenyewe: Tufahamu Sheria za Kurusha Droni Nakivale na Mbarara



Droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, imekuwa chombo cha kazi kwa vijana wengi. Hupiga picha za arusi, hupima mashamba, na huonyesha vilima vya Isingiro kwa namna ambayo kamera ya mkononi haiwezi. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Jirani zetu wa Rwanda wamekuwa wakipeleka damu hospitalini kwa droni tangu mwaka 2016, na hapa Uganda, mwaka 2021, droni zilianza kupeleka dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika visiwa vya Kalangala. Kumiliki ujuzi huu si kosa. Kosa ni kurusha bila idhini, na katika eneo letu la mpakani kosa hilo lina uzito wa pekee.

Kwa nini hapa kwetu uzito ni mkubwa

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo yanakaliwa pia na watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Wengi walikimbia vita. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni za uchunguzi, zisizo na silaha, kutoka Goma. Lakini katika mapigano ya miaka ya karibuni mashariki mwa Kongo zimetumika droni za kushambulia. Mama aliyewahi kukimbia porini na watoto kwa sababu ya mlio huo hana namna ya kujua kwamba unaopita juu ya paa lake leo ni wa mpiga picha za arusi. Anachokijua ni kwamba alishausikia, na kilichofuata anakikumbuka.

Jambo la pili ni mpaka wenyewe. Isingiro inapakana na Tanzania upande wa kusini, ambako Mto Kagera ni sehemu ya mpaka. Droni haisimami kwenye kizuizi wala haionyeshi kitambulisho. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza safari za anga duniani, unasema katika ibara yake ya 8 kwamba ndege isiyo na rubani haitaruka juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kijana wa Kikagati anayevusha droni yake hadi Murongo kwa dakika mbili tu, ili apate picha nzuri ya mto, ameingia katika anga la nchi nyingine. Kwa walinzi wa upande wa pili, hiyo si picha ya mto. Ni chombo kisichojulikana kinachowachungulia.

Jambo la tatu ni Mbarara. Jiji hilo lina uwanja wa ndege wa Nyakisharara na kambi ya jeshi ya Makenke. Ndege inapotua au kupaa huwa chini sana, na droni ndogo ikigonga kioo au injini yake inaweza kugharimu maisha ya watu. Kambi za jeshi, magereza na vituo vya polisi navyo havipigwi picha kutoka angani bila ruhusa.

Utaratibu wa kufuata

Mwenye dhamana ya anga letu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, yenye makao makuu Entebbe. Kanuni zinazohusu droni ni za mwaka 2020. Kwa ufupi, mambo yafuatwe kwa mpangilio huu:

Kwanza, kabla ya kuingiza droni nchini, omba kibali cha usalama cha Wizara ya Ulinzi pamoja na kibali cha Mamlaka. Wengi hukosea hapa: hununua Dubai au Nairobi, kisha huanza kutafuta karatasi chombo kikiwa kimekwisha kuzuiwa uwanjani au mpakani. Anayenunua droni iliyotumika ndani ya nchi naye adai karatasi zake kabla ya kutoa fedha.

Pili, droni isajiliwe, na mrushaji apate idhini ya Mamlaka kabla ya kuirusha. Udogo wa chombo si kibali.

Tatu, pata ruhusa ya mahali. Ndani ya Nakivale, ruhusa hutafutwa Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia kwa kamanda wa makazi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, muulize Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Nne, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa viongozi wa wakimbizi, ili wananchi wajulishwe mapema siku, saa na sababu. Tangazo la jioni moja laweza kuokoa kijiji kizima na hofu.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamtaka kila mkimbizi azitii sheria za nchi kama mwananchi mwingine. Kwa hiyo kijana mkimbizi anayetaka kuishi kwa kazi hii aanze kwa kuuliza, kabla ya kutumia akiba yake. Kuuliza si ujinga.

Picha ya mtu ni amana

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi za kila mtu, na picha yake ni mojawapo. Nakivale wamo watu wanaotafutwa na waliowatesa. Picha moja inayoonyesha uso, mlango na njia ya kufika, ikisambazwa kwenye simu, yaweza kumfikia yule yule aliyekimbiwa. Omba ridhaa kwanza. Usiyeweza kumwomba, usimpige picha.

Wakati wa kurusha

Rusha mchana, hali ya hewa ikiwa tulivu, na droni isitoke machoni pako. Usipite juu ya mikusanyiko: soko, mgao wa chakula, shule, ibada au mazishi. Urefu usizidi ulioandikwa katika idhini yako. Nchi nyingi huweka kikomo cha futi 400, takriban mita 120. Ukisikia ndege au helikopta, shusha chombo mara moja.

Ukiiona au ukiikuta imeanguka

Usiirushie mawe wala kuipiga risasi, itaangukia mtu. Andika saa, mahali na upande ilikoelekea, kisha utujulishe. Ikiwa imeanguka, waondoe watoto na usiiguse: betri yake yaweza kulipuka moto, na hujui ilibeba nini. Wala msimshike na kumpiga mnayedhani ni mrushaji. Huenda ana vibali vyote, na kama hana, sheria ipo.

Piga simu 999 au 112, au fika kituoni na umwone afisa wa mahusiano ya jamii. Anayetaka kuomba vibali naye twamkaribisha. Tutamwelekeza pa kuanzia.