Kuvu ya mikoriza haitoshi bila mbolea

Anayevusha mbolea Namanga, Sirari au Busia anajua kuwa mvua zikikaribia, DAP ndiyo huulizwa kwanza. Sasa baadhi ya maduka ya pembejeo nchini Kenya yanauza pia kuvu ya mikoriza, na mteja anauliza kama inatosha peke yake.

Haitoshi. Kuvu hiyo huishi kwenye mizizi ya mahindi. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hufika mzizi usikofika na kuleta fosforasi. Mmea nao huilipa sukari. Lakini kuvu ni msafirishaji tu, haitengenezi fosforasi. Magharibi mwa Kenya udongo mwingi una tindikali, na chuma na alumini yake huing'ang'ania fosforasi hadi majani ya miche yageuke zambarau. Kumuuzia mkulima wa huko kuvu bila mbolea ni kumkodishia lori lisilo na mzigo. Mbolea ikizidi nayo, mmea huacha kuilisha kuvu.

Kwa udongo huo ipo pia fosfeti ya mawe ya Minjingu, mkoani Manyara, Tanzania. Huyeyuka polepole, na nguvu yake huweza kufika msimu unaofuata. Pasipo na tindikali haiyeyuki vizuri, na mteja atarudi kulalamika. Kabla ya kupakia, uliza shamba liko wapi na udongo ulipimwa lini.